Nyota mbili kwa kampuni iliyoungana: huduma ya vifaa tiba Tabora na Kigoma

Mashine zao ni nzuri. Tunaanza na hilo ili asije mtu akadhani tuna ugomvi na bidhaa. Mashine ya picha nzima ya damu inatoa majibu ya kuaminika, mashine za kuzalisha oksijeni zinavumilia joto la Oktoba la Tabora, na monita za wodini zinasomeka ukiwa umesimama mlangoni. Kwa bidhaa peke yake wangepata nyota nne kati ya tano. Kwa huduma ya baada ya mauzo, tangu kampuni mbili zilipounganishwa kuwa moja, tunawapa mbili, na hiyo ya pili ni ya mafundi wao wa mikoani. Ofisi isijihesabie.

Jina la kampuni hatulitaji. Anayenunua vifaa Kanda ya Magharibi atalijua akifika aya ya tatu, na asiyelijua atafaidika zaidi na dalili kuliko jina, maana dalili hizi humpata msambazaji yeyote aliyeungana vibaya. Nyumba moja ilikuwa ya maabara: mashine za damu, za kemia, na vitendanishi vyake, yaani kemikali za vipimo. Nyingine ilikuwa ya wodi na chumba cha upasuaji: oksijeni, monita, pampu za dripu, mashine za usingizi, otoklevu za kutakasa vifaa kwa mvuke. Zilipoungana zilipata mkurugenzi mmoja, nembo moja na mfumo mmoja wa kompyuta. Watu wamebaki wa nyumba mbili mpaka leo, na sehemu kubwa ya siku ambazo mashine inalala hapa kwetu inatokana na hilo kuliko umbali wa Kigoma au ubovu wa mashine yenyewe.

Kuungana si kosa, na katika biashara hii ni jambo la kila mara. Sensa za kidole za Nellcor, zinazopima oksijeni ya damu, zilikuwa za Covidien hadi Januari 2015, Medtronic ilipoichukua kampuni hiyo. Kipimo cha VVU cha SD Bioline, ambacho vituo vyetu vilikitumia kwa miaka mingi kama kipimo cha kwanza, kilitoka kwa Standard Diagnostics ya Korea Kusini, kikawa chini ya Alere, kisha chini ya Abbott ilipoinunua Alere Oktoba 2017. Siemens Healthineers iliichukua Varian Aprili 2021, na Baxter ikaichukua Hillrom Desemba mwaka huohuo. Mtumiaji wa kituo cha afya Urambo aliona kibandiko kipya kwenye boksi, kazi ikaendelea. Hapa nchini muungano wa kampuni kubwa hupitia Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume huangalia kama soko litabaki na ushindani. Haikai kuangalia kama fundi wa Tabora bado ana nauli ya kufika Kaliua. Hilo mnunuzi inabidi alikague mwenyewe.

Safari ya tiketi moja

Kabla ya kuungana, upande wa wodi ulikuwa na karakana ndogo Tabora mjini: meza, kabati la vipuri, kipima oksijeni, kipima usalama wa umeme, na fundi mwenye fedha kidogo mkononi kwa ajili ya nauli. Mashine ikilala Nzega au Sikonge, simu moja ilitosha. Sasa karakana imefungwa, vifaa vya kupimia vimehamishiwa Mwanza, na simu inapokelewa Dar es Salaam na mtu mpole sana anayeuliza Uvinza iko mkoa gani.

Utaratibu wa sasa uko hivi. Hospitali inapiga simu, inafunguliwa tiketi kwenye mfumo. Tiketi inakwenda kwa msimamizi wa kanda, ambaye ametoka upande wa maabara. Yeye akikubali, fundi anaandika maombi ya masurufu, yaani fedha ya safari. Maombi yanapita kwa mhasibu Dar, na hapo ndipo yanapolala, kwa sababu mfumo hautoi masurufu mapya kama ya safari iliyopita hayajarejeshwa kikamilifu, na kurejesha kikamilifu maana yake ni risiti ya EFD kwa kila shilingi. Bodaboda wa stendi ya Kibondo hana mashine ya EFD. Mama anayeuza chakula Kazuramimba hana pia. Kwa hiyo fundi ana masurufu ya nyuma yasiyofungika, na kila safari mpya inaanza kwa barua pepe za kujieleza. Mwenye moyo anatoa nauli mfukoni mwake na kusubiri kurudishiwa. Mwenye familia na mkopo anakaa Mwanza, na hatuna la kumlaumu.

Dawa ya hili ni ndogo mno hata inatia hasira: kiwango maalumu cha matumizi yasiyo na risiti kwa kila siku ya safari, kinachofungwa kwa fomu yenye sahihi ya mkuu wa kituo alikofika. Kampuni nyingine mbili zinazohudumia kanda hii zinafanya hivyo. Hii haijafanya kwa sababu kanuni ya risiti kwa kila shilingi ilitoka nyumba ya maabara, na nyumba ya maabara ilishinda kwenye kila kanuni.

Posho nazo ni mbili. Mafundi waliotoka maabara walikuja na kiwango chao cha kulala nje ya kituo, waliotoka wodi walikuja na cha chini zaidi, na baada ya kuungana hakuna aliyekaa kuvisawazisha. Wawili wanapanda gari moja kwenda Kasulu, wanalala gesti moja, wanafanya kazi chumba kimoja, kisha mmoja analipwa pungufu. Matokeo yake unayaona kwenye karatasi za matengenezo kinga. Fundi wa posho ndogo anajitahidi kugeuza siku hiyohiyo ili asilale, na ukikuta mashine nane zimekaguliwa kati ya saa sita mchana na saa tisa, jua zimepigwa vema tu. Matengenezo kinga ya mashine moja ya oksijeni, yakifanywa kwa haki, hayapungui dakika arobaini. Otoklevu ya wima ni zaidi ya hapo, kwa kuwa lazima uiendeshe mzunguko mzima.

Halafu kuna kipimo cha kazi. Fundi anapimwa kwa idadi ya tiketi alizofunga ndani ya saa 72, na hapimwi kwa mashine zinazofanya kazi. Akishaagiza kipuri, tiketi inafungwa, na kipuri kikija inafunguliwa nyingine. Kwenye taarifa ya kampuni hospitali yako imehudumiwa mara mbili kwa wakati. Kwenye wodi ya watoto mashine imelala wiki tatu. Ndiyo maana hospitali isitegemee mfumo wao hata kidogo. Weka daftari lako kwa kila mashine: tarehe na saa iliposimama, nani alipiga simu na namba gani, namba ya tiketi, tarehe na saa iliporudi kazini, sahihi ya mkuu wa idara. Muda wa kulala unaisha pale anayeitumia anaposaini, tiketi ikifungwa isifungwe. Ukija kudai fidia ya mkataba, daftari hilo ndilo litakalosimama.

Fundi asiye na nywila

Baada ya kuungana lilifuata punguzo la wafanyakazi, na waliobaki walielewa somo kwa namna yao: anayejua peke yake hapunguzwi. Tangu hapo vitabu vya matengenezo havisambazwi, nywila za kiwango cha fundi zinashikwa na mtu mmoja mmoja, na kila nyumba inaficha zake. Wakati huohuo ofisi imetangaza kwamba kila fundi sasa ni wa mashine zote. Anakuja kijana wa maabara mwenye cheti cha mashine za damu, anafungua pampu ya dripu, anafuta vumbi, anabadili fyuzi, lakini kuingia kwenye menyu ya kurekebisha kiwango hawezi. Anampigia mwenzake wa wodi, simu haipokelewi. Pampu inabaki na kosa la asilimia kumi na stika mpya ya kijani.

Kabla hujamruhusu fundi kugusa mashine, omba cheti chake cha mafunzo ya modeli ile, chenye tarehe. Hilo si dharau kwake, na wengi wao wanashukuru, kwa sababu ukimkataa kwa maandishi ofisi inalazimika kuleta mwenye ujuzi badala ya kumtwisha yeye lawama.

Vipuri vina kisa hichohicho. Mfumo mpya ulihamisha namba za vipuri za nyumba ya maabara, na za wodi zikaachwa nusu. Ukiagiza kwa namba ya zamani jibu linarudi kwamba kipuri hakipo, kumbe kipo ghalani chini ya namba nyingine. Agiza kwa vitu vinne pamoja: modeli, namba ya mashine, namba ya zamani ya kipuri, na picha ya kibati cha nyuma ya mashine. Kwa gasketi ya otoklevu, yaani mpira wa kuziba mlango, ongeza kipenyo cha ndani na unene kwa milimita. Wameshatuma Kigoma gasketi ya mlango wa mviringo kwa otoklevu ya mlango wa mraba.

Kukagua kama matengenezo yamefanyika kweli

Huku ndiko msomaji wa hospitali atakakopata faida zaidi, kwa sababu vipimo vingi havihitaji kifaa cha bei.

Mashine ya oksijeni: kabla fundi hajaja, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito pembezoni mwa chujio la ndani. Akisema amelibadili na maandishi yako bado yapo, mazungumzo yamekwisha. Chujio la nje la sponji linaoshwa kwa maji ya sabuni kila wiki, na kuanzia Juni hadi mvua zianze ni mara mbili kwa wiki. Vumbi la Tabora halisubiri idhini kutoka Dar. Washa mashine, iache dakika kumi na tano, weka lita tano kwa dakika, pima kwa kipima oksijeni: iwe karibu na asilimia 93, na ikishuka chini ya 82 isiguse mgonjwa. Chomoa waya wa umeme mashine ikiwa inafanya kazi. King'ora lazima kilie. Ikiwa usafi wa oksijeni unashuka polepole mwezi hadi mwezi, kwa kawaida ni punje za zeolaiti, zile zinazonasa naitrojeni ya hewa, zimenyonya unyevu, na huletwa zaidi na mashine kukaa bila kuwashwa kuliko kutumika sana, kwa hiyo hata ya akiba iwashwe kila wiki. Ikishuka ghafla, angalia kwanza mpira uliochomoka au kompresa. Stabilaiza ya kVA 1 inatosha mashine ya lita tano, ya lita kumi ipe kVA 2. Mkoa wa Kigoma ulianza kupata umeme wa gridi ya taifa 2022, na vituo kadhaa bado vina stabilaiza zilizochoka za enzi za majenereta ya dizeli. Fundi anayemaliza ukaguzi bila kupima volti ya soketi amekagua nusu.

Pampu ya dripu: weka mililita 60 kwa saa, elekeza maji kwenye silinda yenye alama, subiri saa nzima. Kati ya 57 na 63 ni sawa. Kisha bana mpira uone kama inalia. Tumia seti ileile inayotumika wodini, kwa sababu pampu iliyorekebishwa kwa seti moja hudanganya ikipewa nyingine, na baada ya kuungana wamebadilisha muuzaji wa seti bila kuwaambia watu wa wodi.

Kipimo cha shinikizo la damu kwenye monita: unganisha manometa (kipima shinikizo) kwa kiungo cha njia tatu, zungushia kafu, ule mkanda wa mkono, kwenye chupa ngumu, linganisha. Tofauti isizidi mmHg 3 kwenda juu au chini. Shinikizo likishuka zaidi ya mmHg 6 kwa dakika, kuna pumzi inayotoka, na mara nyingi ni kwenye kiungo cha mpira, sehemu ya bei ndogo kuliko zote.

Otoklevu inahitaji maneno zaidi, maana hapa ndipo kumpoteza fundi mwenyeji kunaumiza. Karatasi ya kiwandani inasema nyuzi 121 kwa shinikizo la psi 15 kwenye geji. Hiyo ni kweli usawa wa bahari. Tabora iko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi, na geji inaposoma psi 15 joto ndani liko kama nyuzi 119. Ili kufika 121 unahitaji psi 17 hivi. Kigoma mjini, jirani na ziwa ambalo uso wake uko karibu mita 770, ni psi 16 na kidogo. Fundi wa zamani wa karakana ya Tabora alikuwa anaweka alama nyekundu kwenye geji kwa kila kituo kulingana na mwinuko wake. Anayekuja sasa na orodha iliyochapwa Dar anarudisha alama kwenye 15, anapiga stika, anaondoka. Fuata kipimajoto, geji iwe ya kusaidia tu, na ndani ya kila mzigo weka tepu au kibandiko kinachobadilika rangi, kimoja katikati ya furushi na si juu. Vifaa vilivyofungwa vinahitaji dakika 30 baada ya joto kufika, hesabu isianze tangu kuwasha. Vali ya usalama ivutwe kwa mkono kila mwezi, vinginevyo chokaa ya maji huigandisha. Tumia maji yaliyokenekwa au ya mvua.

Mashine ya picha nzima ya damu hatuna mengi ya kuilalamikia, isipokuwa moja. Ni mashine ya mfumo uliofungwa: inasoma alama kwenye boksi la kitendanishi na kukataa lisilotambulika. Boksi zilipobadilishwa nembo, mashine zenye programu ya zamani zilizikataa mpaka fundi aje na programu mpya kwenye flashi. Hakuna aliyepanga fundi aje kabla ya boksi. Kabla ya kupokea shehena yoyote yenye nembo mpya, chukua boksi moja, lijaribu kwenye mashine, endesha sampuli za udhibiti za viwango vitatu, cha chini, cha kawaida na cha juu, kisha ndiyo usaini hati ya mapokezi. Sampuli hizo zinasafiri kwa nyuzi 2 hadi 8. Zikija kwenye basi la usiku bila kipimajoto ndani ya boksi, zikatae.

Kwa anayetaka kuajiriwa kwao

Mshahara unaingia kwa tarehe, michango ya NSSF inapelekwa, na mafunzo ya nje ya nchi bado yapo kwa wachache. Hayo tunayaandika kwa haki. Mengine yasomwe kwa makini kabla ya kusaini.

Kwanza, mkataba mpya. Wafanyakazi wa nyumba zote mbili waliletewa mikataba yenye jina jipya na tarehe mpya ya kuanza kazi. Ukisaini hivyohivyo, miaka ya nyuma inaweza kupotea. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo cha kuachishwa ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka kumi. Mwenye mshahara wa msingi wa 1,300,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki, siku yake moja ni 50,000. Kwa miaka minane ni 50,000 mara 7 mara 8, yaani 2,800,000. Dai barua inayotambua utumishi wako wa awali, au ulipwe wa nyuma kabla ya kuanza upya. Kimojawapo kiwe kwenye karatasi.

Punguzo la wafanyakazi lina masharti yake: mwajiri atoe taarifa ya nia yake, aeleze sababu, ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuliepuka, namna ya kuchagua watakaoondoka, na malipo. Mkutano wa mtandaoni wa nusu saa wenye orodha ya majina tayari si mashauriano. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyeajiriwa Dar na kupangiwa Kigoma anastahili kusafirishwa na mizigo yake kurudi alikoajiriwa, au kulipwa gharama hiyo, na posho ya kujikimu akisubiri. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Watu wengi wa kanda hii hupoteza haki yao hapo, wakisubiri majibu ya barua pepe kutoka rasilimali watu.

Pili, cheo. Mafundi wote wa mikoani wamebatizwa Meneja wa Eneo. Hawana wa kumsimamia, ofisi hawana, gari hawana. Cheo hicho kina kazi: sheria inawaondoa kwenye kanuni za saa za kazi wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Fundi asiyemsimamia mtu hamo humo hata akiitwa meneja mara saba. Kwake saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ziada haizidi saa 50 katika wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Ujumbe wa kundi la WhatsApp saa tano usiku ukimtaka afike hospitali ya Maweni, Kigoma, alfajiri ni ziada. Uhifadhi.

Tatu, na hili tunalipa uzito kuliko posho. Mafundi wa wodi wanapelekwa kufungua mashine za maabara zenye mabaki ya damu bila chanjo ya homa ya ini B. Chanjo hiyo ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Haijatajwa popote kwenye utaratibu mpya, kwa kuwa nyumba ya maabara ilichanja wake zamani na ikadhani jambo limekwisha. Usiguse mashine ya damu kabla ya mtumiaji kuendesha mzunguko wa kusafisha na kufuta sehemu za nje kwa klorini ya asilimia 0.5, kisha maji, kwa sababu klorini ikiachwa inakula chuma.

Anunue nani

Hospitali yenye fundi wake mwenyewe, kama Kitete au Maweni, inunue. Mashine zinastahili, na fundi wa ndani ataziba pengo. Zahanati au kituo cha afya kisicho na fundi, hasa ng'ambo ya Kaliua na kaskazini ya Kasulu, kisisaini mkataba wa matengenezo wa kawaida wanaouleta umechapwa tayari. Kibadilishwe mambo haya: muda wa kufika uandikwe kwa saa na uhesabiwe tangu simu ya kwanza, 48 kwa Tabora na 72 kwa Kigoma, mashine ya kuazima iletwe ukipita, vipuri vya kawaida, yaani machujio, gasketi, fyuzi, sensa na kafu, viachwe kituoni tangu siku ya kufunga mashine, nywila za kiwango cha mtumiaji mkuu na kitabu cha matengenezo vikabidhiwe kwa hati, asilimia ya mashine kuwa kazini ihesabiwe kwa daftari la kituo. Asilimia 95 maana yake ni siku 18 za kulala kwa mwaka, basi waulize wao wenyewe kama wanaziweza.

Wenye mikataba ya zamani, iliyosainiwa na mojawapo ya nyumba mbili, wadai barua ya kuhamisha majukumu yenye sahihi za pande zote, ikitaja namba za mashine, tarehe ya mwisho ya waranti, na mwakilishi wa ndani anayetambuliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa kifaa hicho. Iambatane na TIN mpya na barua ya benki ya kuthibitisha akaunti. Ankara yoyote yenye akaunti mpya isiyo na barua hizo irudishwe masijala ilikotoka, hata kama aliyeileta ni fundi mnayemfahamu.